Mwasho wa Tausi

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuwashwa na mwili usio wako?

Sisemi kumwonea mtu huruma mpaka nywele zikakusimama. Hilo kila mtu analo. Nasema kuwashwa hasa. Umekaa zako barazani unachambua mchele, mikono yako safi, ngozi yako nzima, halafu nyuma ya goti panaanza kitu kama siafu, kinapanda, kinashuka, kinageuka moto. Na wewe unajua kabisa kwamba goti lenyewe haliko hapa. Liko shuleni, nyuma ya yale mawe makubwa, linakimbia kwenye vumbi na soksi za nailoni. Ukikuna goti lako hupati nafuu yoyote, unajichubua tu.

Mimi niliishi hivyo. Mwasho ulikuwa wa Tausi, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Mwanaidi. Mwenyewe hakujua. Tulimwambia amepona.

*

Aligundua siku ya kupura alizeti.

Mashine ya kata ilikuwa mbovu, tukarudi kwenye mambo ya zamani: turubai chini, vichwa vya alizeti vimekauka kama mikate iliyosahaulika, na kila mtu na fimbo yake. Upepo wa Singida unaujua, haukuombi ruhusa. Ile minara mirefu ya kuvunia upepo ilikuwa inazunguka mlimani kote, na makapi yalikuwa yanapaa mpaka kwenye meno.

Tausi alikuwa na miaka kumi na mmoja, anakaribia kumi na miwili. Alijirusha katikati ya lundo la makapi akaanza kugaagaa.

"Wewe mke mwenzangu!" nikampigia kelele. "Toka humo. Mume wetu akikukuta umefanana na kuku aliyeoga vumbi atakurudisha kwenu."

"Mume wetu alishakufa, mke mkubwa."

"Ndiyo maana anaona kila kitu."

Akacheka. Sisi utani wetu ndio huo, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, na yeye aliujua kuliko mimi. "Wivu tu," akasema. "Ngozi yangu laini, yako kama ganda la mhogo. Ataniacha mimi akuchukue wewe?"

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshashika kiwiko. Makapi ya alizeti yana vinywele vidogo vinavyochoma, na vilikuwa vimemwingia kwenye kunjo la mkono. Nikasugua kwa mpini wa fimbo, polepole, nikijifanya napangusa jasho.

Tausi akaacha kucheka. Alinitazama mkono. Halafu, bila kuniondolea macho, akaokota makapi kidogo akayasugua kwenye kiwiko chake cha kushoto.

Mkono wangu ukaenda kwenye kiwiko cha kushoto.

"Unawashwa, bibi?"

"Uzee."

"Uzee unawasha kushoto tu?"

"Uzee hauna adabu, unakaa unapotaka. Pura."

Hakupura. Akachukua makapi mengine, akayapeleka nyuma ya goti la kulia. Nilijitahidi, nikauma mdomo, nikaishika fimbo kwa mikono yote miwili kama mtu anayetwanga. Lakini mguu ulijikunja wenyewe, kisigino kikaenda kusugua kule nyuma. Akahamia shingoni, chini ya sikio. Nikajikuta nimeiachia fimbo, kucha zangu ziko shingoni.

Hakurudia tena. Alisimama katikati ya lile lundo na makapi mkononi, akayaangusha taratibu, akajipangusa viganja kwenye gauni. Halafu akakumbuka kwamba kujipangusa nako ni kusugua, akaacha.

*

Nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Tausi alizaliwa na ngozi kavu, na kabla hajaanza kutambaa mashavu yake yalikuwa mekundu, yanatoa maji. Watu walisema mengi. Wengine walisema ni maziwa ya mama, wengine wakasema ametupiwa kitu. Jirani mmoja aliwaondoa watoto wake mkekani wasije wakaambukizwa. Daktari Ntandu wa kituo cha afya ndiye aliyetuambia jina lake, pumu ya ngozi, na kwamba haiambukizi hata mlale shuka moja.

"Bibi," aliniambia, "chukulia ngozi ni ukuta. Wako una lipu. Wa Tausi lipu yake ina nyufa, maji ya mwili yanatoka, vumbi na sabuni vinaingia. Mwili unaona umevamiwa, unawasha moto. Mtoto anakuna, anazidisha nyufa, na moto unaongezeka."

Alitufundisha kazi ya kuziba nyufa. Maji ya vuguvugu, si ya moto, na asikae majini sana. Sabuni isiyonukia. Kumkausha kwa kumgusagusa na taulo, sio kumsugua. Mafuta mazito kabla ngozi haijakauka vizuri, mwili mzima, hata pale pasipouma. Dawa ya kupaka kwenye mabaka tu, kwa muda aliosema yeye. Kucha fupi. Nguo za pamba. Siku mbaya, tunamfunga vitambaa vyenye unyevu juu ya mafuta. Tulifanya yote, na kuna miezi alikaa vizuri kabisa. Lakini miaka ile ukame ulizidi, upepo ukageuka wa vumbi mwaka mzima, na mtoto akawa anaamka na damu kwenye shuka. Alianza shule akiwa amevaa mikono mirefu. Darasani wakamwachia dawati zima akae peke yake.

Ndipo kikaja kile kitu ambacho watu wa mjini walikiita ugawaji na sisi tukakiita kubebewa.

Ni uzi mwembamba kuliko unywele. Wanauotesha kwa damu ya watu wawili wa ukoo mmoja, uzi mmoja wanaulaza kisogoni mwa mtoto, mwingine kisogoni mwa mbebaji. Mwasho ukitaka kupanda kwenda kwenye ubongo wa mtoto, uzi unaukamata njiani na kuurusha kwa mwingine, kupitia minara hiyohiyo inayobeba simu. Ugonjwa wenyewe hauhami. Mabaka yanabaki kwa mtoto. Kinachohama ni ile hamu ya kukuna. Mtoto asipokuna, ngozi inapata nafasi ya kujifunga, na ule ndio ulikuwa uzuri wake.

Mwanaidi asingeweza kubeba. Kazi yake ni kupanda ile minara ya upepo na kutengeneza mapanga yake. Mtu aliye juu namna ile, mwasho ukimjia ghafla akaachia mkono, mnaenda kumwokota. Nikasema mimi hapa.

Daktari alitupa masharti. Kuoga na mafuta kusiachwe, maana mtoto asiyewashwa hajui ngozi yake inapoharibika. Na mtoto aambiwe.

"Hapana," alisema Mwanaidi. "Mtoto akijua kuna mtu anateseka badala yake atakua ameinamisha shingo. Kwetu mgonjwa hatumwambii uzito wake."

Ni kweli, kwetu hatusemi. Mtu akiuguzwa anaambiwa "huna kitu, kesho utaamka." Tulilelewa hivyo, na tuliona ni heshima. Basi tukamwambia Tausi umepona, na mimi nikajibebea.

*

Siku ya pili baada ya kupura, nilisikia kimya.

Sijui nikueleze vipi. Mtu aliyezoea kelele ya mashine ya kusaga, siku inapozimwa masikio yanamuuma. Asubuhi ile nilikaa barazani na ungo wangu, na mwili mzima ulikuwa umetulia. Goti, kiwiko, shingo, kote kumenyamaza. Nikasema, Mungu mkubwa, ngozi ya mtoto imejifunga kweli. Nikachambua mchele wote nikiimba. Mchana nikala nikashiba. Kimya kiliendelea, na nikaanza kuona kitu hakiko sawa, maana ilikuwa Jumamosi na Jumamosi Tausi hucheza rede mpaka jua linazama. Kucheza rede nakujua. Kunaanzia mgongoni, pale jasho linaposhuka.

Nikaenda chumbani kwake.

Alikuwa amekaa katikati ya chumba kwenye kigoda, mbali na kitanda, mbali na ukuta. Amevaa kanga moja nyepesi. Mikono ameinyoosha pembeni, ameitenga na mwili kama nguo zilizoanikwa, na miguu ameipanua ili magoti yasikunjane. Alikuwa anatetemeka mabega kwa kuchoka.

"Unafanya nini, mke mwenzangu?"

"Nimekaa."

"Tangu saa ngapi?"

Akaniuliza, "Nikiegemea ukuta, unakuwasha?"

Nikajiegemeza mlangoni.

"Nikikaa hivi je?"

"Tausi."

"Hivi unakuwasha au haukuwashi, bibi?"

"Hivi hauniwashi."

"Basi nitakaa hivi."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimezika mume na ndugu, na kote huko nilikuwa na cha kusema. Pale niliyaacha. Nilikwenda nikamshusha mikono, mmoja baada ya mwingine, na viwiko vilipojikunja nikasikia moto wake ukija kwangu, nikamshukuru Mungu kwamba umekuja, halafu nikaona aibu kwa shukrani hiyo.

*

Kituoni Daktari Ntandu alianza kwa shikamoo, akamaliza kwa kunigombeza.

"Bibi, nilisema mtoto aambiwe."

"Ameshajiambia."

Mwanaidi alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mkanda wa kupandia bado uko kiunoni unalialia kwa vyuma. Alimkumbatia mwanawe kwa tahadhari, kama mtu anayebeba trei ya mayai. Mimi daktari alinivua kitenge akanitazama mikono. Nilikuwa nimejichubua vibaya, sehemu nyingine zimeota magamba. Halafu akaweka kile chombo chake kisogoni kwangu, na kwenye kioo pakatokea picha ya uzi, na kutoka kwenye uzi vijimizizi vimesambaa.

"Unaona? Umeanza kushika," akasema. "Uzi ulikuwa mgeni. Sasa mishipa yako inauzoea. Ukiendelea, mwasho utakuwa wako hata Tausi akipona. Nikiuzima siku hiyo, kwako hautazimika."

"Mimi nina umri gani?" nikamuuliza. "Niwashwe miaka michache nife nao. Nani hapa amenisikia nalalamika?"

"Sijauliza nani amelalamika, bibi yangu. Mtoto akishakuwa na akili, sheria inasema aulizwe mwenye ngozi."

"Ana akili gani huyu? Juzi alikuwa anagaagaa kwenye makapi."

Kwa kawaida Tausi angenirudishia. Safari hii alitazama sakafu.

Mwanaidi akadakia. "Kuna njia nyingine. Kuna wabebaji wa kukodi mjini. Siku hizi wanaotesha uzi hata kwa watu wasio wa ukoo, unachelewa tu kukubali. Nimeshaongea na dada mmoja."

"Wapo," alisema daktari, na uso wake ukawa mzito. "Sitakuzuia. Ila wale nao huja kwangu baadaye."

"Huyo dada ana watoto?" Tausi aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuingie.

"Anao," alisema Mwanaidi. "Ndiyo maana anafanya, mwanangu. Anatafuta."

Tausi akatikisa kichwa, akamgeukia daktari. "Mwasho ukinirudia, utaisha lini?"

Ntandu alivuta kiti wakatazamana usawa mmoja. "Sitakudanganya, watu wameshakudanganya vya kutosha. Unaweza usiishe. Kuna wanaopona wakikua, kuna wasiopona. Kuna miezi utausahau, na kuna siku utataka kujivua ngozi. Tutatafuta kinachouamsha, vumbi, jasho, sabuni, hata hofu. Dawa zipo. Kazi ya kila siku ipo. Wewe unataka nini?"

Tausi alifungua mdomo. Nilimwona, kulikuwa na kitu pale kwenye ulimi. Halafu akanitazama mimi na mikono yangu, akaufunga.

"Zima," akasema.

"Hilo nimelisikia. Nimekuuliza unataka nini."

"Zima tu."

Mwanaidi alilia. Mimi nilitaka kukataa, nikasema mpaka nikaishiwa pumzi, kwamba mtoto hajui anachokiomba, kwamba mwili wangu ni wangu nao, nampa nimpendaye. Daktari alisikiliza yote. "Ni wako, bibi," akasema mwishoni. "Ila huu mwasho si wako, na mwenyewe ameuomba."

Hakukuwa na kisu. Alibonyeza tu kile chombo kisogoni kwangu, halafu kwa Tausi. Na mimi, kwa kweli ya Mungu, nilijisikia kama nimefungiwa nje ya nyumba. Sikujua tena kama mjukuu wangu ana joto au baridi, amekaa au amesimama. Ilinibidi nimtazame kwa macho kama watu wengine wanavyomtazama. Nikaona mabega yake yakipanda, shingo ikiingia ndani, kisha mkono wa kulia ukienda taratibu kwenye kiwiko cha kushoto. Alikuwa ameshasahau ulivyo. Alishtuka, akaanza kukuna.

*

Baada ya hapo akaniita bibi. Bibi tu. Ule uke wenza ukafa.

Jioni alimngoja mama yake ampake mafuta. Mwanaidi alirudi na vidole vilivyokakamaa kwa baridi ya mlimani, anampaka harakaharaka huku macho yanafumba. Mimi nikisogea mlangoni na kopo, Tausi husema, "Mama atanipaka." Anasema kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniumiza. Matusi ningeyajibu.

Nikafanya niwezalo bila kumgusa. Nilichemsha maji nikayaacha yapoe mpaka vuguvugu, nikamwekea bafuni. Nilichana mashuka ya zamani ya pamba, yale laini kwa kufuliwa, nikayakunja kwa saizi za mikono na miguu. Lile blanketi la sufu nililitoa. Nilifagia chumba chake akiwa shule, nikamwagia maji kwanza vumbi lisipae. Yeye alivikuta vitu vyote hivyo na alivitumia.

Kupitia ukutani nilikuwa namsikia. Kukuna kuna sauti yake, wewe uliyelea mtoto wa namna hii unaijua. Inaanza kama panya, inaishia kama mtu anayeparua sufuria.

Siku moja upepo ulivuma vibaya kuliko kawaida. Mwanaidi aliitwa mlimani tangu asubuhi, panga moja la mnara lilikuwa limekwama. Tausi alirudi kutoka shule mapema. Alipita barazani mbio, akaingia ndani, na nikasikia ule mparuo umeshafika mwisho wake bila kupitia mwanzo. Sikungoja kuitwa. Nilimkuta sakafuni, amekunja miguu, mabaka ya nyuma ya magoti yamepasuka, kucha zina damu. Analia bila sauti.

Nikakaa chini. Magoti yangu yalilia kuliko yeye. Nikakaa mbali kidogo, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

"Umenikasirikia kwa sababu nilikudanganya?"

Akatikisa kichwa.

"Kwa sababu umekurudia?"

Akatikisa tena, kwa nguvu.

"Basi mke mwenzangu, nisaidie. Mimi niliishia darasa la saba, na hakuna darasa walilofundisha kumsoma mtu aliyenyamaza. Zamani nilikuwa najua mambo yako kwa ngozi, sasa hata hiyo sina. Daktari alikuuliza unataka nini ukameza. Mama yako amekuuliza, ukameza. Mimi sikukuuliza hata siku moja. Nakuuliza sasa."

Upepo ulipiga bati. Akaendelea kukuna, akaacha, akakuna tena. Nikaona anapigana nao, mtoto wa watu, na sikuwa na la kumchukulia.

"Nilipokuwa mdogo," alianza, na sauti ilikuwa nzito kwa kamasi, "nikiwashwa ulikuwa unakuja. Unalala na mimi. Unanihadithia. Halafu mkasema nimepona, na wewe ukaacha kuja. Ukawa unakwenda kulala jikoni. Ukikaa na mimi unaondoka. Nilifikiri ulikuwa unanipenda kwa sababu naumwa."

"Nilikuwa najificha nikune," nikasema. "Usinione."

"Sasa najua." Alijifuta pua kwa kiganja. Halafu akaleta mikono yake miwili, na kucha zake na damu yake, akaiweka mapajani kwangu.

"Mimi sikutaka uuchukue, bibi. Nilitaka ukae hapa tu, unishike mikono."